Pigo la Mwepu Ilunga: Kashfa, Jina na Haki katika Mabishano ya Mashabiki wa Kisangani

Tarehe 22 Juni 1974, katika uwanja wa Parkstadion mjini Gelsenkirchen, Ujerumani Magharibi, beki wa kulia wa Zaire, Mwepu Ilunga, alitenda jambo lililochukua sekunde chache mno, lakini ambalo mashabiki wa kandanda wamelibishania kwa zaidi ya nusu karne. Brazil, iliyokuwa ikiongoza, ilipewa mpira wa adhabu mbele ya lango la Zaire. Wazaire wakapanga ukuta. Rivelino, mpigaji aliyeogopwa kuliko wengi wa zama zile, alikuwa karibu na mpira. Mwamuzi Nicolae Rainea wa Romania akapuliza kipenga. Papo hapo Mwepu akachomoka ukutani, akaufikia mpira kabla ya Mbrazili yeyote kuugusa, akaubutua mbali. Mwamuzi akamwonyesha kadi ya njano, na mchezo ukaendelea. Brazil ilishinda kwa mabao 3 kwa 0.

Makala haya yanakusudia kueleza namna mashabiki wanavyolipima tendo hilo, na hasa jinsi maneno ya Kiswahili yanayotumiwa katika mabishano hayo yanavyobeba hukumu hata kabla hoja yenyewe haijatolewa. Mahali panapoangaliwa ni Kisangani, na ndani ya eneo la Kisangani, Bangboka. Uteuzi huu una sababu. Kikosi cha Zaire cha 1974 kiliundwa zaidi na wachezaji wa klabu za Kinshasa na Lubumbashi. Shabiki wa Lubumbashi anapomzungumzia Mwepu anamzungumzia mtoto wa nyumbani, kwani huko ndiko alikozaliwa tarehe 22 Agosti 1949, mji ulipokuwa ukiitwa Elisabethville, na klabu yake ilikuwa ya huko huko: Englebert, ambayo leo ni TP Mazembe. Shabiki wa Kinshasa naye ana Vita Club yake ya kuitetea. Lakini shabiki wa Kisangani, ambaye moyo wake uko kwa Malekesa au Nika au Makiso, hana mjomba katika shauri hilo. Anaweza kulihukumu kama mtu wa baraza, si kama ndugu wa mshitakiwa.

Bangboka ipo kiasi cha kilomita 17 mashariki ya kitovu cha mji. Walio wengi nje ya Tshopo wanaijua kwa uwanja wake wa ndege tu, au kwa vita: mwezi Agosti 1999 majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipopigana Kisangani, uwanja huo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyogombaniwa. Kwa mwanafunzi wa lugha, hata hivyo, eneo hili lina maana nyingine. Hapa Kiswahili kilichofika na misafara ya Waungwana katika karne ya 19, kikakita mizizi wakati Tippu Tip alipokuwa na nguvu katika maporomoko ya mto, kimekutana na Kilingala kilichopanda mto pamoja na askari na wanamuziki. Kiswahili chake husema *muntu* na *mupira* pale ambapo mwambao husema *mtu* na *mpira*, na mara nyingi mzungumzaji huanza sentensi kwa lugha moja akaimalizia kwa nyingine bila kuona ajabu. Tena ni mahali pa kusubiri. Penye uwanja wa ndege watu husubiri: ndege, jamaa, mzigo, au mvua ipite. Na wanaume wanaosubiri pamoja hawachelewi kufika kwenye mpira.

Majina ya kosa

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba anayelitaja tendo la Mwepu hulazimika kulipa jina, na kila jina lina upande wake. Akiliita *kituko*, amekwisha kuamua kwamba ni jambo la kushangaza na kuchekesha. Mtenda kituko hahukumiwi, huchekwa. Akiliita *kosa*, ameliingiza katika kanuni za mchezo, ambako kila kosa lina adhabu yake, na adhabu hiyo, yaani kadi ya njano, ilikwisha kutolewa siku ile ile. Kwa mtazamo huo hapana deni lililobaki. Akisema *fedheha* au *aibu*, tendo linavuka mstari wa uwanja na kuwaangukia watu wengine: timu, nchi, na katika mwaka ule, bara zima. Neno *haya*, linalotumiwa sana katika Kiswahili cha Kongo, lina tofauti ndogo lakini ya maana. Aibu yaweza kuwa ya kitu au ya siku. Haya husikiwa na mtu moyoni. Mtu anaposema kwamba Zaire ilipata aibu Gelsenkirchen, anaeleza tukio. Anaposema kwamba alisikia haya, anajieleza mwenyewe, na hapo mabishano hubadilika sauti.

Kisha kuna *kashfa*. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kufunua. Kashfa, kwa maana yake kamili, si tendo baya tu. Ni tendo baya lililokuwa limefichwa na sasa limefunuliwa. Kwa kipimo hicho, pigo la Mwepu halikuwa kashfa kabisa, maana lilifanyika mbele ya dunia nzima. Kashfa ya mwaka 1974 ilikuwa mahali pengine, na ilichukua muda mrefu kufunuliwa. Mashabiki wengi hulitumia neno hilo bila kufikiri tofauti hii, lakini wale wanaojua habari zote za kikosi kile huligeuza mara moja: humwuliza mwenzao, kashfa ni ya nani?

Hoja ya ujinga

Nje ya Afrika, maelezo yaliyoenea kwanza yalikuwa mepesi. Ilisemwa kwamba Mwafrika yule hakujua sheria za mpira. Katika utangazaji wa televisheni ya Uingereza tendo hilo lilielezwa kuwa ni mfano wa ujinga wa Kiafrika, na kwa miaka mingi baadaye picha zake zilioneshwa katika vipindi vya vichekesho vya michezo. Hoja hiyo haina nguvu, na haihitaji uzalendo ili kuiangusha. Inatosha kutazama historia.

Mwepu hakuokotwa kijijini wiki moja kabla ya mashindano. Klabu yake ilifika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa za Afrika mara nne mfululizo, kuanzia 1967 hadi 1970, na ilinyakua kombe hilo mara mbili za mwanzo. Timu ya taifa ilikuwa imetwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1968 mjini Addis Ababa, na ikalitwaa tena mwezi Machi 1974 mjini Cairo, baada ya fainali mbili dhidi ya Zambia: ya kwanza ikaisha 2 kwa 2, ya pili 2 kwa 0. Kocha wake, Blagoje Vidinić, alikwisha kuipeleka Morocco katika Kombe la Dunia la 1970. Morocco hiyo hiyo ndiyo iliyofungwa 3 kwa 0 mjini Kinshasa mwezi Desemba 1973, na hivyo Zaire ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kufika fainali za Kombe la Dunia. Mchezaji aliyepita njia hiyo yote amesimama katika kuta za mpira wa adhabu pasipo idadi. Kusema kwamba hakujua nani ana haki ya kuupiga mpira ni sawa na kusema kwamba baharia wa Mombasa hajui maji kujaa na kupwa.

Mashabiki wa Kongo, kwa jumla, hawaitumii hoja hii. Wanapoitaja, huitaja kwa hasira. Lakini hasira yenyewe ina matokeo yasiyotarajiwa, kwa kuwa humfanya Mwepu abebe mizigo miwili: hucheka mgeni kwa sababu ya ujinga aliousingizia, na humlaumu ndugu kwa sababu alimpa mgeni nafasi ya kucheka.

Maelezo ya Mwepu mwenyewe

Kilichofanya mabishano haya yasife ni kwamba mhusika mwenyewe alizungumza, tena zaidi ya mara moja, na maneno yake hayakulingana.

Ili kuyaelewa maneno hayo hapana budi kurudi nyuma siku chache. Kabla ya mashindano Rais Mobutu Sese Seko aliwazawadia wachezaji nyumba na magari. Leopards, chui wa Zaire, walikuwa sehemu ya picha ya taifa aliyokuwa akiichora, taifa lililobadilisha jina lake mwaka 1971 na majina ya raia wake mwaka 1972. Tarehe 14 Juni, mjini Dortmund, Zaire ilifungwa na Uskochi mabao 2 kwa 0, matokeo ambayo hayakuwa ya kuona haya. Halafu zikaja habari za fedha. Wachezaji walitambua kwamba malipo waliyoahidiwa hayangefika mikononi mwao, kwa kuwa yalikuwa yameishia kwa viongozi waliofuatana na timu, na wakatishia kutocheza mechi ya pili. Walicheza, kwa namna fulani. Tarehe 18 Juni Yugoslavia iliwafunga mabao 9 kwa 0.

Mwepu alisimulia baadaye kwamba baada ya kipigo hicho walinzi wa rais walifika hotelini, wakawafungia waandishi wa habari nje, na kuwaambia wachezaji kwamba wakifungwa mabao manne na Brazil hakuna atakayerudi nyumbani. Mwenye masikio ya kusikia aliitafsiri kauli hiyo apendavyo. Kwa hiyo, katika mojawapo ya maelezo yake, kuubutua mpira kulikuwa ni kununua muda: kila dakika iliyopotea iliwakaribisha na kipenga cha mwisho, na kila bao lililozuiwa liliwaweka mbali na lile la nne. Katika maelezo mengine, aliyoyatoa uzeeni, alisema kwamba alikusudia kutolewa nje kwa kadi nyekundu. Alizijua sheria vyema. Hakuona sababu ya kuendelea kuumia uwanjani ilhali watakaofaidika kwa fedha walikuwa wamekaa jukwaani wakitazama. Mwamuzi, kwa maneno yake, alikuwa mpole mno.

Shabiki makini huona hapo tatizo. Ikiwa wote walikuwa hatarini endapo bao la nne lingeingia, je, yafaa mtu anayeogopa hatari hiyo aiache timu yake na wachezaji kumi? Maelezo ya kwanza ni ya mtu anayeilinda timu. Ya pili ni ya mtu anayeikimbia, au tuseme anayeigomea. Yote mawili hayawezi kuwa makusudi ya sekunde moja. Wapo wanaohitimisha kwamba Mwepu aliyabuni yote baadaye, mzee akitafuta kulisafisha jina lake baada ya Mobutu kuanguka mwaka 1997, wakati kusema kulikuwa hakuna gharama tena.

Hitimisho hilo ni la haraka. Hofu na ghadhabu hukaa katika kifua kimoja, na aghalabu mtu hajui ni ipi iliyomsukuma mguu. Tena kuna ushahidi wa siku nne kabla, ambao wanaobishana juu ya pigo lile mara nyingi huusahau, nao unahusu ghadhabu zaidi ya hofu. Utaelezwa hapo chini.

Jambo jingine linalosahauliwa ni hesabu ya kundi. Brazil ilikuwa imetoka sare ya 0 kwa 0 katika mechi zake mbili za mwanzo. Uskochi, ambayo haikufungwa na yeyote katika mashindano yale, ilimaliza ikiwa na tofauti ya mabao mawili, ikiwa imefunga matatu na kufungwa moja. Brazil ilihitaji ushindi wa mabao matatu ili iipite. Kwa maneno mengine, ushindi wa 2 kwa 0 ungewatoa mabingwa wa dunia wa 1970 mashindanoni. Basi ule mchana wa Gelsenkirchen haukuwa mchezo wa kumalizia ratiba, kama unavyosimuliwa na wanaocheka. Kila shambulio la Brazil lilikuwa na uzito, na kila mpira uliobutuliwa ulikuwa na uzito vile vile. Bao la tatu lilifungwa na Valdomiro katika dakika ya 79. La nne halikuja.

Haki, kwa maana zake mbili

Hapa ndipo Kiswahili kinapowapa wabishani wa Bangboka chombo ambacho wenzao wa lugha nyingine wanalazimika kukitafuta kwa maneno mawili. *Haki* ni uadilifu, yaani kile ambacho hakimu anapaswa kukitenda. Na *haki* ni kile ambacho mtu anamdai mwajiri wake. Mfanyakazi aliyeachishwa husema kwamba hajapewa haki zake, akimaanisha fedha. Anayemtetea Mwepu kwa Kiswahili huteleza kutoka maana moja hadi nyingine bila kuvunja sentensi: Mwepu alidai haki, kwa kuwa hakupewa haki yake. Mpinzani wake akitaka kumjibu inambidi azitenganishe maana hizo kwanza, aseme kwamba fedha ni jambo moja na kanuni za mchezo ni jambo jingine, na mpaka amalize kuzitenganisha, wasikilizaji wamekwisha kutikisa vichwa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Methali hii husemwa mara nyingi pale mtu anapotaka kumsifu asiyempenda. Katika suala la Mwepu inafanya kazi ngumu zaidi, maana inaruhusu kunyonga. Haimwondolei kosa, inataka tu kwamba anayemhesabia kosa amhesabie na kombe la Cairo. Ni katika hesabu hiyo jina la Mwepu lilidhulumiwa waziwazi. Kati ya 1978 na 2022 zilichezwa fainali kumi na mbili za Kombe la Dunia, na Kongo, kwa jina hilo au lile la Zaire, haikuonekana katika hata moja. Endapo ingerudi mwaka 1982 au 1990, pigo la 1974 lingepata ndugu: bao fulani, ushindi fulani, kipa fulani wa kusifiwa. Badala yake, kwa kizazi baada ya kizazi, picha moja ya mtu mmoja anayebutua mpira usio wake ilibaki kuwa ndiyo Kongo katika Kombe la Dunia. Kosa hilo si la Mwepu. Baada ya 1974 Mobutu aliondoa macho na mkono wake katika kandanda. Mwezi Oktoba mwaka ule ule macho yake yalikuwa kwa Muhammad Ali na George Foreman mjini Kinshasa.

Inafaa kukumbuka pia kwamba dunia haina mizani moja kwa makosa ya wachezaji. Kwa sadfa ya ajabu, tarehe 22 Juni ina visa vitatu. Tarehe hiyo mwaka 1986, mjini Mexico, Diego Maradona aliifunga Uingereza kwa mkono. Kosa hilo lilikuwa la wazi na lenye faida kwake kuliko la Mwepu, na kwao Argentina limekuwa sehemu ya utukufu wake. Tarehe hiyo mwaka 1994, nchini Marekani, beki Andrés Escobar wa Kolombia aliusukumia mpira katika lango lake mwenyewe bila kukusudia, na siku kumi baadaye aliuawa kwa risasi mjini Medellín. Maradona alicheka, Escobar aliuawa, na Mwepu alichekwa. Shabiki anayedai kwamba jina la mchezaji hutokana na matendo yake uwanjani ana kazi ya kuvieleza visa hivi vitatu kwa kanuni moja. Zinedine Zidane, aliyempiga Mwitalia kichwa katika fainali ya Berlin mwaka 2006, aliondoka uwanjani kwa kadi nyekundu katika mechi yake ya mwisho, na mapenzi ya Wafaransa kwake hayakupungua sana. Yeye alikuwa na kombe la 1998 la kumkinga. Mwepu alikuwa na makombe pia, lakini yalikuwa makombe ambayo wachekaji hawakuyajua.

Jina lenyewe halikukaa vizuri katika vinywa vya wageni. Alibatizwa Joseph. Siasa ya uhalisi ya Mobutu ilipowataka raia waache majina ya Kikristo, akabaki Mwepu Ilunga; baadhi ya magazeti na orodha za nje zikamwandika Ilunga Mwepu. Mtu ambaye dunia nzima iliujua mguu wake haikuwa na hakika ya mpangilio wa jina lake.

Uzeeni hali yake haikuwa nzuri. Alizungumza kwa uchungu kuhusu ufukara wake, na kusema kwamba laiti angalijua, angaliyatoa maisha yake kwa kilimo. Maneno hayo, yakirudiwa na mashabiki, hubadili mwelekeo wa mabishano yote. Kijana asiyemwonea huruma beki wa 1974 humwonea huruma mzee wa miaka ya 2000, na anapomwonea huruma mzee, anaanza kumsikiliza. Mwepu alifariki Kinshasa tarehe 8 Mei 2015, akiwa na umri wa miaka 65, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Magazeti ya nchi nyingi yalitangaza kifo chake, na karibu yote yalianza na mpira ule.

Mtu wa pili

Ushahidi uliotajwa hapo juu ni huu. Katika mechi ya Yugoslavia, baada ya bao la tatu, kipa Kazadi Mwamba aliondolewa akaingizwa Tubilandu Ndimbi, uamuzi ambao wachezaji wengi hawakuuelewa. Bao la nne likaingia mara tu baada ya hapo. Wazaire wakamzingira mwamuzi, Omar Delgado wa Kolombia, wakilalamika, na katika msongamano huo mmoja wao akampiga teke kwa nyuma. Delgado aligeuka akamtoa nje Ndaye Mulamba, katika dakika ya 22. Lakini aliyempiga teke hakuwa Mulamba. Alikuwa Mwepu. Mwepu alivaa namba 2, Mulamba namba 13. Mmoja beki, mwingine mshambuliaji. Hawakufanana isipokuwa kwa rangi ya ngozi na ya jezi.

Ndaye Mulamba hakuwa mchezaji wa kawaida. Miezi mitatu kabla, mjini Cairo, alikuwa amefunga mabao 9 katika mashindano moja ya Mataifa ya Afrika, idadi ambayo haikufikiwa na mwingine kwa miongo mingi. Manne kati ya hayo yalikuwa mabao yote ya Zaire katika fainali zile mbili. Alipotolewa, Zaire ilikuwa imepoteza mfungaji wake, na hakucheza dhidi ya Brazil. Huko mbele maisha yake yaliandamwa na misiba. Baada ya kuenziwa mwaka 1994 wakati wa fainali za Afrika nchini Tunisia, alivamiwa nyumbani na watu wenye silaha na kupigwa risasi mguuni. Akakimbilia Afrika Kusini. Mwaka 1998, katika fainali za Burkina Faso, watazamaji walisimama kimya dakika moja kumkumbuka kwa sababu ilivumishwa kwamba amekufa, ilhali alikuwa hai. Alifariki kweli Johannesburg tarehe 26 Januari 2019.

Ni ajabu kwamba mabishano ya mashabiki yanakawia hivi kufika hapa, na pengine ni kwa sababu teke lile halichekeshi. Lakini kama ni kupima tabia ya mtu, mizani iko hapa kuliko katika mpira wa adhabu. Pigo la tarehe 22 lilimdhuru Mwepu peke yake, na jina lake. Teke la tarehe 18 lilimwangukia mwenzake asiye na hatia. Anayesema kwamba Mwepu alikuwa mgomaji aliyeasi dhuluma ya wakubwa atapata katika teke hilo ushahidi kwamba ghadhabu ilikuwako tangu mapema, nao ni ushahidi mzuri. Lakini ushahidi huo huo unamlazimu aeleze kwa nini gharama ya uasi ililipwa na Mulamba. Anayesema kwamba Mwepu alikuwa mchekeshaji tu naye hawezi kulitaja teke bila kuibomoa hoja yake, maana mtu anayempiga mwamuzi teke siku ya 18 kwa hasira hawi mjinga wa sheria siku ya 22.

Hapo ndipo mabishano yanapoacha kuwa ya kupokezana kelele. Wale waliokuwa wakimcheka hunyamaza, na wale waliokuwa wakimtetea huanza kuchagua maneno. Wapo watakaosema kwamba katika vurugu ile hakuna aliyekuwa na nafasi ya kujieleza kwa mwamuzi wasiyeelewana naye lugha, na wapo watakaojibu kwamba kunyoosha mkono hakuhitaji lugha. Kadi ya njano ya tarehe 22 Juni iliandikwa jina la Mwepu. Katika kumbukumbu za Kombe la Dunia, kadi nyekundu ya dakika ya 22 ya mechi ya Yugoslavia imeandikwa jina la Ndaye Mulamba.